Siku Huguette Alipolilia Harusi ya Mdogo Wake

Ukimpelekea Huguette gari akufungie muziki, jiandae kugombezwa. Mimi huegesha pikipiki yangu mbele ya kontena lake, kando ya njia ya soko kuu la Bunia, na sijaona mteja aliyeondoka pale bila kusemwa. Wanaume wazima, wenye magari makubwa na vitambi, husimama mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa, huku yeye amelala chali chini ya usukani akiwauliza kutoka huko chini kama wanataka muziki au wanataka moto. Wakiondoka wanamteta. Wakitaka bafle, yaani spika kubwa, inayotikisa kifua bila gari kunuka, wanarudi kwake, na mimi huwacheka waziwazi.

Kazi hii aliianzia Aru, mpakani, alikokulia kwa mjomba wake. Malori ya kutoka Uganda na Sudan Kusini yalisimama pale yakingoja forodha, na madereva waliochoka kukaa bure walitaka redio zao zitengenezwe. Huguette alikuwa msichana mwenye vidole vyembamba na kichwa kigumu, akajifunza kwa kufungua na kufunga. Halafu siku moja lori moja liliwaka pale maegeshoni, mchana kweupe, watu wakitazama. Dereva alikuwa amejifungia bafle mwenyewe, akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kitu cha kuukata umeme mambo yakiharibika. Alikuwa amelala ndani. Huguette husimulia mpaka hapo, kisha huanza kutafuta bisibisi ambayo iko mkononi mwake.

Kwa hiyo ana taratibu zake, na hazivunji hata kwa mkubwa wa serikali. Kitu cha kwanza ni fyuzi, ambayo sisi tunaiita fizibo. Lazima ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu waya mnene wa ampli, mashine ya kukuza sauti, huanzia pale na kupita chini ya zulia la gari zima mpaka nyuma kwenye buti. Waya huo ukichubuka ukagusa bati, au ukibebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, fyuzi ndiyo inayotakiwa kufa, si watu. Mahali waya unapotoboa bati huuvisha mpira. Waya wa kurudishia umeme kwenye bodi haukazi mpaka akwangue rangi yote na chuma king'ae. Na bafle huziunga kwa hesabu ya ampli yenyewe, isije ikavuta umeme kama ng'ombe mwenye kiu. Akimaliza, hupiga muziki kwa nguvu hadi majirani watukane, huzima, kisha hupitisha mgongo wa mkono wake juu ya waya kutoka betri mpaka buti, akisikiliza joto. Anasema kiganja cha fundi kimeota sugu na kinaweza kudanganya, mgongo wa mkono haudanganyi.

Kwa kazi hiyo alimlea mdogo wake Divine na kumtunza mama yao. Divine alipopata mchumba, Josias, mfanyabiashara wa samaki wa Kasenyi, Huguette alifurahi mpaka akasahau kugombeza watu kwa muda. Gari la kumbeba bibi harusi lilitolewa na Trésor, rafiki wa Josias, kijana mwenye jipu nyeupe, yaani jeep, na mdomo mwepesi wa kuahidi. Huguette mwenyewe ndiye aliyemfungia muziki kwenye jipu hiyo, ampli moja na bafle mbili. Trésor si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi. Misa ilisomwa asubuhi hapa Bunia, na baada ya misa msafara ukapangwa kushuka Kasenyi, ziwani, kwa wakwe, alikotangulia Josias. Katika ukoo wao mama hamsindikizi binti yake, wala dada wa tumbo moja. Anayekwenda kumkabidhi ni shangazi, na shangazi wa Divine ni Mama Émilienne, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Huguette alimkumbatia mdogo wake mlangoni mwa kanisa, akamnyoosha shela, akabaki kumsaidia mama kupika kwa ajili ya wageni wa nyumbani.

Alikuja kontenani kuchukua spika ya kupigia muziki uani. Alikuwa amevaa kitenge cha harusi na viatu vya kisigino, na mimi nilikuwa najiandaa kumtania kuhusu viatu. Lakini Mama Godelive alinitangulia. Huyu ni jirani yetu, kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani, na meza yake ya chupa na madumu iko hatua chache kutoka kontena.

"Yaya Huguette," alisema, yaani dada mkubwa, "Trésor alipita hapa na bibi harusi. Muziki yake ilikuwa nakatika-katika, alikasirika mbaya."

"Ilikuwa nakatika namna gani?"

"Inapiga kidogo, inakatika, mwisho ikazima kabisa. Alifungula kapo ya injini, akatosha kale kafizibo kako, akakatupa. Akaniomba kipande ya waya ya shaba, akaifunga pale. Weye, muziki ikapiga mpaka chupa zangu zikacheza."

Mama Godelive alicheka. Mimi pia nilicheka. Huguette aliinama na kisigino chake kile, akatafuta vumbini karibu na doa la oili, akainuka na fyuzi. Aliipuliza, akaitazama kwenye jua. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Juu ya nini ikufe?" aliuliza, na hakuwa anatuuliza sisi. "Mi nilimufungia bafle mbili. Ile fizibo inaibeba muzuri."

"Mbili wapi? Iko ine. Na ampli iko mbili, moja juu ya ingine. Mi niliona wakati nilikuwa naweka bidon ya esanse nyuma."

"Uliweka esanse nyuma?"

"Ya grupu ya kutosha umeme, ya sherehe kule Kasenyi. Niliisimamisha katikati ya bafle, isianguke."

Kicheko kiliniishia mdomoni. Hata mimi ambaye si fundi niliona. Trésor alikwenda kwa mtu mwingine akaongeza bafle na ampli ya pili juu ya waya ule ule, waya uliopimwa kwa ampli moja. Fyuzi ilifanya kazi yake, ikakata, naye akaitupa kama mtu anayemfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele. Sasa hakukuwa na kitu cha kuukata umeme. Waya ungezidi kuwa moto chini ya zulia, ungeyeyusha gamba lake, na mwisho wake ulikuwa dumu la petroli, na mbele ya dumu aliketi Divine.

Huguette alimpigia Trésor simu. Iliita ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Nina hakika aliona jina, akadhani anapigiwa kugombezwa. Simu ya Divine ilikuwa kwenye mkoba wa shangazi, na ndani ya muziki ule hata radi wasingeisikia. Huguette aliingia kontenani, akatoka na koleo ya mpini wa plastiki, akaichomeka kiunoni. Alivua viatu akavitupa mezani kwa Mama Godelive, akakunja kitenge mpaka magotini.

"Sylvestre, washa," aliniambia.

Sikuuliza bei, na kwa anayenijua, hilo peke yake linatosha kueleza.

Tulitoka mjini kwa barabara ya Bogoro. Mimi ni mwendeshaji mzuri, nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema, lakini siku ile niliendesha vibaya. Niliingia mashimo niliyoyajua. Huguette alinishika mabega na kucha zake zikapenya koti. Kila tulipofika juu ya kilima alisimama kwenye vikanyagio, akatazama mbele kama kuna moshi, kisha akakaa. Nilikuwa naogopa kumuuliza ameona nini.

Penye kizuizi cha barabara, mzee anayeshika kamba alituona tunakuja na honi, akaona kitenge cha harusi, akaiangusha kamba haraka huku anatupungia mkono. "Mukimbie, wako tu hapo mbele," alisema. Alidhani tumechelewa sherehe.

Tuliwakuta baada ya Bogoro, pale ardhi inapoanza kuinama kuelekea ziwa. Kwanza tulisikia muziki, dum, dum, unakuja kifuani kabla ya masikio. Kisha tukaona vumbi, na ndani ya vumbi pikipiki zilizofungwa matawi, basi dogo la ndugu, na mbele kabisa jipu nyeupe yenye maua.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Bunia ina namna yake ya kufurahi barabarani. Harusi ikipita, kila mwenye pikipiki anayependa anaifuata, anapiga honi, anapunga mikono, anapiga kelele, hata kama hamjui bwana wala bibi. Kwa hiyo nilipopiga honi, pikipiki zote zilinijibu kwa honi. Huguette alipopunga mikono, basi zima lilipunga mikono. Alipopiga kelele, "Simama, gari itawaka," wanawake wa kwenye basi walimjibu kwa vigelegele. Mtu mmoja alimtambua, akaita, "Yaya ya bibi harusi anatufwata," nao wakafurahi zaidi. Tulikuwa tunalia moto, na wao wanatushangilia.

Niliamua kuipita jipu. Kosa jingine. Gari la bibi harusi halipitwi, hiyo ni sheria ya msafara, na madereva huifanya mchezo. Nilipojipenyeza kushoto, Trésor aliniona kwenye kioo, akavuta kushoto. Nilipokwenda kulia, akaja kulia, na kupitia dirisha nikaona meno yake, anacheka. Huguette aligonga bati la nyuma kwa kiganja. Trésor aliongeza sauti.

Divine alinisimulia baadaye mambo yalivyokuwa ndani. Alisema walishasikia harufu, lakini walidhani ni breki, kwa kuwa mteremko ule huunguza breki za kila gari. Walishasikia joto pia, linatoka chini, kwenye miguu. Mama Émilienne alifungua kitenge cha mabegani akajipepea. "Ni joto ya ziwa," alisema. "Siye tumekaribia Kasenyi." Na mtu yeyote wa Bunia angesema hivyo hivyo. Sisi tunaishi juu, kwenye baridi, na kila anayeshuka Kasenyi anajua kwamba kona kwa kona anavua nguo moja. Walikaa juu ya waya unaoiva, wakafurahi kwamba wanakaribia.

"Kuko njia ya wauza samaki," Huguette aliniambia sikioni. "Unaijua?"

Niliijua. Ni njia ya miguu inayokata kona kubwa ya mteremko. Wenye baiskeli huipanda wakisukuma mizigo ya samaki, na hakuna mwenye akili anayeishuka na pikipiki akiwa na mtu nyuma. Nilimwambia tutakufa. Akasema, "Shuka." Sijui kama nilikuwa jasiri au nilimwogopa yeye kuliko korongo. Tulishuka. Mawe yalitukimbilia, tairi la nyuma lilijaribu kutupita, mguu wangu uligonga mwamba na kovu lipo mpaka leo. Tulipotokea barabarani chini, dum, dum ilikuwa bado iko juu yetu, inakuja.

Huguette aliruka kabla sijasimama. Alisimama katikati ya barabara, pekupeku, vumbi mpaka kwenye nyusi, akainua mikono kupunga. Kisha akaishusha. Nilimwona anafikiri. Alijua akipunga watampungia, watapiga honi, watampita kando wakicheka, na baada ya pale hapakuwa na mkato mwingine.

Jipu ikatokea kwenye kona.

Huguette alikivuta kitambaa chake cha kichwa akakitupa chini. Aliweka mikono miwili juu ya kichwa, vidole juu ya nywele, akafungua mdomo akalia.

Kwetu hakuna asiyejua maana ya mikono miwili juu ya kichwa cha mwanamke barabarani. Ni msiba, na msiba wa karibu. Hata mlevi huvua kofia. Na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Mimi nilijua hakuna aliyekufa, lakini nikajikuta nimevua kofia yangu. Alimlilia Divine aliyekuwa anamwona kwenye kioo cha mbele, na shela yake, mzima.

Breki zilipiga kelele. Jipu ilisimama karibu yake kiasi kwamba aliweka mkono kwenye kapo. Basi likasimama nyuma, pikipiki zikasimama, honi moja baada ya nyingine zikanyamaza. Muziki tu ndio uliendelea, kisha Trésor akauzima.

"Fungula kapo," Huguette alisema.

Trésor alifungua, akidhani sijui nini. Divine alikuwa ameshashuka, ameshikilia gauni kwa mikono miwili. Aliyemwacha nyumbani ni mmoja tu.

"Yaya, ni mama?" aliuliza. "Ni mama?"

Huguette alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini. Ule waya wa shaba wa Mama Godelive ulikuwa umegeuka rangi, na gamba la waya mnene lilikuwa linachuruzika. Alitia koleo, akaukata. Divine alimvuta mgongoni, "Yaya, nijibu, ni mama?" naye akampita, akaenda nyuma mbio, akafungua buti.

"Mutoke wote," alisema. "Mutoke ndani ya gari."

Moshi ulikuwa mwembamba, umelala juu ya zulia kama unaosubiri ruhusa. Pale ampli ya pili ilipounganishwa, kwa kusokotwa vidole na kuzungushiwa mkanda wa plastiki, zulia lilikuwa limetoboka, na dumu la petroli liliegemea hapo hapo. Huguette alilibeba kwa mikono miwili, akanipa. "Peleka mbali." Ubavu wa dumu ulikuwa umelainika, ukabonyea chini ya vidole vyangu, nalo lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Nililibeba nikitembea, kwa sababu nilikuwa naogopa hata kukimbia. Nililiweka mbali bondeni, kisha nikaketi.

Niliporudi, Huguette alikuwa anamwagia maji ya kunywa ya wageni juu ya zulia. Alipoona moshi umekwisha, ndipo alipomgeukia mdogo wake.

"Mama iko muzima," alisema. "Iko napika."

Divine alimpiga kofi. Lilisikika mpaka kwenye basi. Huguette hakusogea wala hakuinua mkono.

"Umelilia harusi yangu," Divine alisema. "Mama iko napika, na weye umelilia harusi yangu."

Mama Émilienne alikuwa bado yuko kwenye kiti cha nyuma, anafoka. Alisema hajawahi kuona laana kama hiyo, binti wa kaka yake kuweka mikono kichwani mbele ya gari la bibi harusi, na watu wa Kasenyi wakisikia watamrudisha Divine kabla hajanawa mikono. Alitaka kushuka ili afoke vizuri. Aliweka mguu mmoja chini, na mguu ulikuwa peku. Akatazama nyuma. Kiatu chake cha plastiki kilikuwa kimebaki kwenye zulia. Alikishika akakivuta, na soli ikavutika kama ugali wa moto, ikabaki imeganda pale. Alifunua pembe ya zulia. Chini yake waya ulikuwa uchi, mwekundu wa shaba, urefu wote wa mahali miguu yake ilipokuwa imekaa.

Alikiweka kiatu kwenye kiti.

"Nilisema ni joto ya ziwa," alisema, taratibu, akiwa hamtazami mtu.

Trésor alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso umekuwa majivu. "Nilipenda tu ipige muzuri," alisema. "Juu ya Divine."

Nilingoja Huguette ammalize. Nilitaka ammalize, nilikuwa na matusi yangu ya kuongezea. Lakini alimtazama tu. "Ilipiga muzuri," alimjibu, akaenda kuokota kitambaa chake.

Mama Émilienne ndiye aliyepanga mambo. Divine ahamie kwenye basi. Jipu ibaki pale na mwenyewe. Muziki wa gari hautahitajika, wanawake wana vinywa. Kisha akamwendea Huguette, akiwa na kiatu kimoja, akamsemesha kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo. "Weye urudi. Umetuokoa, mi minaona. Lakini mutu aliyelia hawezi kuingia na siye kwa wakwe."

"Minajua," Huguette alisema.

Basi liliondoka, wanawake wakaanza kuimba, kwanza kwa kusitasita. Nilimwona Divine akiwa dirishani. Hakumtazama dada yake. Huguette alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, shavu moja jekundu, na mimi, ambaye watu hunilipa ninyamaze, nikawasha pikipiki.

Tulirudi polepole. Nilidhani yamekwisha, na kwamba kilichobaki ni dada wawili kununiana mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Sikuwa nimefikiria wale wa pikipiki. Mmoja wao, alipoona mikono kichwani, hakusubiri kujua. Aligeuza, akapanda mpaka kwenye mtandao, akapiga simu Bunia. Habari ya msiba haina subira. Alisema kilio kimepigwa kwenye gari la bibi harusi. Aliyepokea akamwambia mwingine kwamba ni gari limeanguka, na yule wa tatu akajua hata aliyekufa.

Tulipoingia mtaani kwao Mudzipela, nilisikia kabla sijaona. Uani, viti vya harusi vilikuwa vimetolewa katikati na wanawake wamekaa chini. Maua ya mlangoni yalishachomolewa. Masufuria ya pilau na nyama yalikuwa yameachwa mekoni, hakuna anayekoroga. Mama yao alikuwa juu ya mkeka, nywele wazi, wanawake wawili wamemshika mikono. Hakuwa analia tena. Alimtazama Huguette akiingia na vumbi lake.

"Alikufia wapi?" aliuliza.

Huguette alipiga magoti. "Mama, hakuna mutu alikufa."

"Wanasema uliweka mikono ku kichwa."

"Niliweka."

"Basi ni nani?"

"Hakuna mutu. Niliweka tu, juu gari isimame."

Mama alitikisa kichwa pole pole. Hakuamini. Nani angeamini? Mtu haweki mikono kichwani bure, na binti mwema humficha mama yake ukweli mpaka wazee wafike. Wanawake waliomshika walitazamana. Mmoja alianza kulia tena.

Huguette alitoa simu, akampigia Divine. Iliita mpaka ikakatika. Uani pote tulisikiliza simu inavyoita. Akapiga tena. Ikaita. Nilikuwa naomba Mungu, nikimkumbuka Divine dirishani na uso wake mgumu. Kama angekataa kupokea simu ya dada yake, mama yule angekufa pale mkekani.

"Yaya," sauti ilisema, na nyuma yake kulikuwa na nyimbo na ngoma. "Yaya, nini tena?"

Huguette aliiweka simu sikioni mwa mama.

"Mama?" Divine aliita. "Mama, niko."

"Sema tena," mama alisema.

"Mama, niko. Tumefika."

"Sema tena."

Sijui alirudia mara ngapi. Mwishoni mama alifumba macho akamrudishia Huguette simu. "Anakuomba," alisema.

Huguette alisikiliza. Simu ilikuwa na sauti kubwa na mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia, na sitajifanya sikusikia.

"Mbele tuondoke pale," Divine alisema, "niligusa ile waya. Na mugongo ya mukono, vile weye unafanyaka. Iko na alama." Nyimbo zikajaza. "Yaya, iko na alama ku mukono yangu."

"Weka maji ya baridi," Huguette alisema. "Usiweke mafuta."

Mama yao alikuwa ameshasimama. Alijifunga kitenge upya, akafunga kitambaa kichwani, akawatazama wale watu wote waliojaa uani kwake, wengine na machozi yao bado mashavuni. "Muliokuja kulia," alisema, "munawe mikono mukule. Chakula iko."

Viti vikarudishwa katikati. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti, na mimi nilikula kwa ajili ya msiba na kwa ajili ya harusi. Huguette hakula. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, koleo bado iko kiunoni. Alikuwa analia. Safari hii mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti.